Barua kwa mwanangu: Mombasa ina saa zake

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na mamako nimemsomea. Wasema wenzako wanne wa kazini wanashuka nawe kutoka Nairobi kwa siku tatu, chakula cha hotelini hawakitaki, wanataka kula, kunywa na kupumzika kama sisi wenyeji, na mmoja wao hali pilipili. Uwapeleke wapi? Mimi naona swali umelishika mkia. Mombasa hatuulizi wapi, twauliza saa ngapi. Pahali palipojaa watu saa moja na nusu asubuhi, ukirudi saa nne utakuta sufuria zinaoshwa na paka wawili wamekaa wanangoja.

Nalijua hili kwa aibu iliyonipata. Zamani nilipokuwa bado bandarini, nilimchukua mgeni kutoka bara nikamsifia mahamri na mbaazi za Kibokoni, kule Mji wa Kale, njia nzima. Tulikawia nyumbani kwa mazungumzo, tukafika saa nne. Bakuli lilikuwa na alama ya tui ukingoni, basi. Yule mama muuzaji akatutazama, akacheka: "Jamani, mulilala?" Mgeni wangu akaishia biskuti za dukani. Kwa hiyo waamshe hao mapema. Hamri huliwa likitoka karaini, limevimba, iliki imekupiga puani kabla hujauma. Likipoa hulitaki tena. Mkishiba, Ngomeni, yaani Fort Jesus, si mbali, mwende mkaitazame kabla jua halijapanda. Wareno walianza kuijenga 1593, na sidhani walifikiria sana habari ya kivuli.

Mchana sina mengi. Jihadharini na Ijumaa tu, kwa kuwa wakati wa sala milango mingi ya Mji wa Kale hufungwa, msije mkazunguka na njaa yenu.

Bahari nayo ina saa, na mgeni haambiwi. Ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, tunaouita Pirates, hauna kiingilio, lakini mkifika maji yamepwa mtatembea juu ya mwani na mawe mkiyatafuta. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Yakijaa leo saa nane mchana, kesho hesabu karibu saa tisa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupwa mbali zaidi na hujaa zaidi. Ngalawa na ngamia, wenzako wataitiwa tangu wakishuka garini. Bei isemwe kabla ya kupanda, si baada.

Alasiri, saa kumi na moja hivi, wapeleke Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Pametengenezwa upya, pakafunguliwa Mashujaa ya 2019, siku hizi pana sakafu na mataa. Mimi bado naenda kukaa upande wa mibuyu, ile mikubwa ya zamani. Mtaagiza viazi karai na ukwaju, na mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati ikapakwa ndimu, chumvi na pilipili. Yule asiyekula pilipili aseme mapema, maana mkono wa muuzaji hufanya kazi kabla ya sikio lake. Dafu nalo litikise kabla hujalipa. Ukisikia maji yanachezacheza ndani, hilo ni koroma, limepita kuwa dafu, na wamekuona mgeni. Dafu lenyewe limejaa, halina sauti. Ukishakunywa, mwambie alipasue akuchongee kijiko kwenye ganda lake hilo hilo, ule nyama.

Halafu mnyamaze kidogo. Mlango wa Kilindini ni mwembamba pale, na meli ikiingia utalisoma jina lake ubavuni bila miwani. Waeleze wenzako kuwa nahodha haileti ndani peke yake. Rubani wa bandari huifuata nje kwa mashua, akapanda kwa ngazi ya kamba ubavuni huku mashua inarukaruka. Miaka yote niliyokaa kazini sikuchoka kuitazama kazi hiyo. Watu hulipa pesa nyingi kutafuta utulivu, na pale ni bei ya muhogo.

Wakitaka kuvuka Likoni kwa feri kwa starehe tu, mtembea kwa miguu halipi. Ila msijaribu jioni watu wakitoka kazini, mtabebwa na umati mpaka ng'ambo bila kuiona bahari.

Kahawa tungu ni baada ya isha. Utamsikia muuzaji kabla ya kumwona, anavyogonga vikombe. Dele, yaani birika lake, limekaa juu ya makaa, kahawa ina tangawizi, na kikombe ni kidogo, hakina mkono. Hushikwa ukingoni kwa vidole viwili. Isitiwe sukari. Utamu ni wa kashata au haluwa, wang'ate kwanza kisha wapige funda. Nikuambie na jingine, maana watatu kati yao ni wanawake: baraza nyingi za kahawa ni za wanaume. Hawatafukuzwa, lakini watatazamwa. Mimi nitakuja nao, nikae kando yao, na wazee wenzangu wataishia kuwauliza wao ni watu wa wapi, na hapo mazungumzo hayatakwisha mpaka saa tano.

Vinywaji vile vingine, usiniulize mimi. Mtwapa kwenye mabaa unaijua njia.

Nitumie tarehe nikuangalizie maji. Na chakula cha mchana siku ya kwanza mamako amekwisha kusema ni hapa, biriani, saa saba. Mkija saa nane, shauri yenu naye.

Babako