Tope la Tukuyu Lilinifunga Mara Moja Tu

Jumamosi vijana wangu wamefuzu fainali ya mkoa ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Tumeshinda 2–1 huko Tukuyu, mkoani Mbeya, kwenye uwanja ambao ukisimama dakika mbili bila kusogea, tope linakushika hadi kifundo. Nililia. Nina miaka 19 kazini kama mwalimu wa michezo, na nililia mbele ya wanafunzi wangu bila kuficha uso.

Usiku wake ukaingia ujumbe wa mwalimu kijana: "Shikamoo mwalimu, nimeona picha zenu. Wiki ijayo napeleka timu ya Biharamulo Bukoba kwa hatua ya mkoa, na mvua ya huko haijakata. Vijana wangu wamezoea vumbi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana najua kila mwalimu anayeshika filimbi anaota siku ya kumwona kijana wake amevaa jezi ya mkoa.

Kwanza nikueleze nilivyofungwa.

Miaka saba iliyopita nilikuwa na kombaini tamu kuliko zote nilizowahi kufundisha. Sisi watu wa Mbarali ni watu wa tambarare, wa mpunga. Ikifika Mei kwetu watu wanavuna, uwanja ni mkavu kama sakafu, na mpira unatembea chini kwa chini. Vijana wale walikuwa wanapiga pasi 15 bila kupokonywa. Tukapangiwa robo fainali Tukuyu. Kule, chini ya Mlima Rungwe, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na Mei bado inamwagika. Nilijua. Nani wa Mbeya asiyejua? Lakini michango ya wazazi ilikuwa kidogo, nikaamua tusilale huko: tuondoke kwetu Rujewa saa moja asubuhi, tucheze saa nane mchana, turudi. Hakuna aliyenilazimisha.

Mpaka Uyole tulikuwa tunaimba. Tulipokata kushoto na kuanza kupanda, sauti zikapungua moja moja. Isyonje ukungu ulikuwa umefunga barabara, baridi inapenya kwenye Coaster, na vijana wamevaa kaptura. Wawili wakatapika kwenye kona. Kabla ya Kiwira tukakuta lori limelala katikati ya barabara, tukasubiri zaidi ya saa mbili. Tulifika uwanjani zikiwa zimebaki dakika 25, tumbo tupu, miguu ina ganzi.

Tulifungwa 4–0. Mabao matatu siyakumbuki vizuri, ila la kwanza naliona mpaka leo. Beki wangu alimrudishia kipa pasi, pasi ya kawaida kabisa, ile tuliyoifanya mazoezini mamia ya mara. Mpira ukakwama kwenye dimbwi, hatua nne tu kutoka mguuni kwake. Mshambuliaji wao akaufuata taratibu, kama mtu anayeokota embe. Nusu ya timu yangu ilikuwa na njumu zilizolika meno, wawili walikuwa na raba.

Tuliporudi, mtu mzima mmoja ninayemheshimu aliniambia mbele ya vijana: "Umewapeleka watoto wa watu kutalii." Neno hilo bado liko kifuani. Winga wangu, fundi kweli kweli, hakukanyaga tena mazoezini. Yule nilimpoteza mimi, si mvua.

Sasa sikiliza. Fika siku moja kabla. Ukiweza, mbili.

Mwaka huu tuliondoka Alhamisi kwa mechi ya Jumamosi. Hatukuwa na fedha ya gesti na hatukuihitaji. Nilimpigia simu mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na uwanja, akatupa madarasa mawili. Magodoro tulibeba, mchele tulibeba, maharage tulibeba. Ijumaa asubuhi niliwavua vijana viatu, nikawatembeza uwanja mzima miguu mitupu, hatua kwa hatua. Wakajua wenyewe kwamba mbele ya goli la upande wa barabara maji yanatuama, na kwamba pembeni kulia kuna ukanda mgumu unaobeba mbio. Bao letu la pili lilitoka kwenye ukanda huo. Mwalimu, ukifika saa moja kabla ya mechi hutaujua ukanda huo.

Mpira unatakiwa uwe na gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Ukishabeba tope, unapiga mpira mwingine kabisa. Kwa hiyo pasi fupi ziache nyumbani. Butua. Najua tunafundishwa kwamba kubutua ni ushamba. Kwenye matope ndiyo akili. Kipa asidake mpira wa juu, apige ngumi. Mshambuliaji apige chini, na mwenzake afuate, kwa sababu mpira uliolowa unamponyoka kipa.

Na njumu. Tarehe 4 Julai 1954, kwenye fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, Ujerumani Magharibi walikutana na Hungaria waliowafunga 8–3 wiki mbili tu kabla. Mvua ikanyesha. Hungaria wakaongoza 2–0 ndani ya dakika nane, na Wajerumani wakashinda 3–2. Njumu zao zilikuwa na meno ya kuskrubu, yanayobadilishwa kulingana na uwanja, kazi ya Adi Dassler aliyeanzisha Adidas. Sisemi meno ndiyo yaliyofunga. Nasema wale watu waliifikiria mvua kabla haijanyesha.

Walimu wenzangu, tuache kuwasomesha watoto mbinu miezi mitatu halafu tukawamalizia kwenye Coaster siku moja. Tuache kusema "tope limetufunga." Wenyeji nao wanacheza kwenye tope hilohilo. Tofauti ni kwamba wameamka wamepumzika, wamekula, wanalijua. Fika siku moja kabla, na wewe utalijua.

Mdogo wangu wa Biharamulo, piga simu kesho asubuhi utafute shule ya kulala Bukoba. Kisha niandikie namba za viatu vya vijana wako. Nina jozi sita za meno marefu stoo, saizi 40 hadi 43, nimezifua leo. Fainali yetu ni Jumatano, tukishacheza nakuongezea nyingine nne, zote nazikabidhi kwa basi.