Mizani ya kizamani au ya dijitali? Kwa wanaojaza risasi wenyewe huku Marekani

Juzi kijana mmoja wa Texas kanijia inbox: "Shikamoo kaka, presi nimeshanunua, daizi ninazo, baruti iko njiani, sasa mizani nichukue ipi? Maana huku renji wananiambia ile ya kizamani ni ya wazee."

Marahaba mdogo wangu. Hilo la "ya wazee" limenigusa pale pale kwenye kidonda, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu, mwenye haraka anisamehe. Kwa mgeni: kujaza risasi ni kuchukua ganda lililokwisha kupigwa ukaliwekea kiwashio, baruti na kichwa kipya; presi ndiyo mashine ya kubania, daizi ni kalibu zake, renji ni uwanja wa shabaha, na mizani ni ya kupimia baruti.

Kwanza moja la sheria. Kujaza risasi zako mwenyewe kwa matumizi yako, serikali kuu ya Marekani haikudai leseni, ila ukianza kuwauzia washkaji hiyo ni biashara na leseni inatakiwa. Na kama uko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida huruhusiwi hata kumiliki hizo risasi, isipokuwa uwe ndani ya misamaha kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card hayumo kwenye katazo hilo. Na wewe unayesoma ukiwa Arusha au Nakuru, soma tu ujifurahishe, usijaribu.

Haya, mizani. Sisi tunapima kwa greini. Gramu moja ni greini 15.43, pauni nzima ya baruti ni greini 7,000. Mizani ya kazi hii lazima isome 0.1 ya greini, yaani miligramu 6.5 hivi, punje ya mchele peke yake inaizidi mara tatu nne. Kwa hiyo mizani ya jikoni isahau kabisa.

Yangu ya kwanza niliipata kwenye garage sale hapa Minnesota, kwa mama mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa mwindaji wa kulungu. RCBS 10-10, RCBS ni chapa ya vifaa vya kujazia risasi, na hii ni ile iliyotengenezwa na Ohaus, kampuni ya mizani iliyoanzia New Jersey mwaka 1907. Ina ufito wa chuma unaocheza juu na chini, kisahani kinaning'inia upande mmoja, na inapima mpaka greini 1,010. Yule mama alinipa kwa bei ya kunionea huruma. Nikaifuta vumbi, nikaipeleka klabu yetu ya shabaha kwa furaha zote, na jamaa mmoja pale, mzungu wa makamo, akaniuliza mbele ya watu kama hivyo ndivyo tunavyopimia dhahabu Afrika. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Ila nikaweka moyoni, na bado limo.

Wife akaona nimenyongea, birthday ikafika akaninunulia ya dijitali. Jina la kampuni nalihifadhi. Nzuri kwa macho, namba za bluu, unaweka kitu sekunde mbili jibu hili hapa. Na sisemi uongo, nilifurahi nayo, nilipima vichwa vya risasi boksi zima jioni moja nikavipanga kwa uzito, kazi ambayo kwa ule ufito ningelia.

Kimbembe kilianza Novemba, msimu wa kulungu umefunguliwa na besmenti ni baridi. Nina tabia moja, kila nikiinua kisahani natazama ile namba ya kasoro (hasi) inayobaki kwenye kioo, maana ule ni uzito wa kisahani chenyewe na hautakiwi kubadilika hata kidogo. Mwanzo wa jioni ilikuwa namba fulani, hita ikawaka, nikajaza maganda kadhaa, naangalia tena, imehama nusu greini. Hakuna taa nyekundu, hakuna mlio, inakuandikia uongo kwa mwandiko mzuri. Nikamwaga ile baruti yote nikarudia upya.

Sababu zake zinajulikana. Ndani kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana ukiweka mzigo, na waya zilizogandishwa juu yake ndizo zinasoma huko kupinda. Joto likibadilika na usomaji unahama, ndo maana inatakiwa uiwashe mapema ipate moto kabla hujaanza kazi. Taa za tyubu zinaweza kuisumbua, simu ikiwa karibu nayo inaweza kuisumbua, na huku kwetu winter hewa ni kavu mpaka sweta linakupiga shoti, umeme huo huo unaiyumbisha. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi: nyingi za bei poa zina programu ya kujirudisha sifuri zenyewe. Wewe unadondosha punje moja moja kwa trikla, kale kamrija ka kudondoshea baruti, taratibu, yenyewe inadhani ni kuyumba tu inafuta, kwa hiyo punje zinaingia namba haisogei, unazidi kuongeza. Dawa yake inua kisahani, kirudishe, ndipo usome.

Sasa ule ufito wa wazee. Umekaa kwa makali kama ya kisu juu ya vijiwe vya akiki, na sumaku zinautuliza usicheze milele. Hauna betri wala programu. Unaweza kukosea, usije ukasema sikukwambia: hita ikipuliza unayumba, vumbi likiingia kwenye akiki unakuwa mzito, kile kijiwe cha uzito kinachoteleza juu ya ufito kisipokaa sawasawa kwenye mkato wake umeumia, na ukiusoma umesimama jicho likiwa juu ya mstari unasoma uongo. Mimi nimeupandisha kwenye rafu usawa wa macho. Lakini makosa yake yote unayaona kwa macho yako, ufito hautulii, au haurudi kwenye sifuri, unajua hapa kuna jambo.

Basi yule yule aliyeniuliza dhahabu, msimu uliofuata akawa analalamika klabuni risasi zake zinatawanyika juu na chini kwenye shabaha. Baruti isipolingana risasi hupanda na kushuka, kwa hiyo nikamwambia lete mizani yako. Akaja nayo nyumbani, tukaweka jiwe la mizani la greini 50, ikasoma 50.7. Tukalitoa tukalirudisha, 50.2. Jiwe lile lile kwenye ufito wangu, mstari umelala pale pale kwenye 50. Sikusema neno. Nilimchemshia chai ya tangawizi tu.

Ndugu zangu mnaoingia kwenye huu mchezo, baruti haina utani. Risasi moja ya bastola ya 9mm, kwa aina nyingi za baruti, inakula greini nne tano hivi, nusu greini hapo ni kama asilimia kumi, na hiyo inalipuka sentimita chache kutoka usoni kwako. Fuata kitabu cha mtengeneza baruti, anzia kiwango cha chini, na usipande kwa kusikiliza mtu wa renji, hata mimi usinisikilize. Watu wanatoa hela ndefu kwa bunduki na darubini halafu mizani wanachukua ya kwanza waliyoiona mtandaoni, nashindwa kuwaelewa.

Najua wajuzi mtanitajia A&D FX-120i, dijitali ya hali ya juu. Sawa, ile inapima kwa nguvu ya sumaku na inasoma 0.02 ya greini, ni mnyama mwingine, na bei yake ni mamia ya dola. Kama unalenga mbali sana na mfuko unaruhusu, nunua, sina ugomvi.

Kwako wa Texas: chukua ufito kwanza. Mtumba ni ruksa, ila kabla hujalipa usukume kidogo uone kama unarudi sifuri mara zote, na ukague makali na akiki kama havijamomonyoka. Bajeti ikibana kuna ile ya ufito ya kampuni ya Lee, nyepesi, haivuki greini mia na ushei, lakini kwa baruti inatosha. Dijitali njoo uongeze baadaye kwa kupangia vichwa na maganda. Na mawe ya mizani nunua leo leo, usingoje, seti ndogo inatosha, uwe na jiwe moja lililo karibu na uzito unaojaza. Ila usimwazime mtu. Yangu bado yako kwa yule mzee wa dhahabu.