Maswali na majibu: Taa za kompyuta na programu zisizoshiba

*Nilipowasha, feni mpya zilimeta mara moja tu, sasa zazunguka gizani. Nimeshaweka programu upya mara nne. (Kisauni)*

Weka hata mara mia. Ulichomeka plagi ya volti 5 penye volti 12, taa zimeungua. Jamani, hili tumelijibu mpaka basi: ya volti 12 ina pini nne mfululizo, ya volti 5 ina tatu, na pengo moja kati yake. Soma maandishi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwanza, na fundi akianza kulazimisha plagi, mnyang'anye. Feni yazunguka kwa sababu mota ina waya wake.

*Nina programu ya mazabodi, ya RAM na ya feni. Rangi zinabadilika ovyo, taa za RAM huganda. (Nyali)*

Taa za RAM huamrishwa kupitia SMBus, njia ileile ambayo mazabodi husomea taarifa za RAM. Programu mbili zikiingia humo kwa pamoja, amri huvurugika. Kufunga dirisha hakusaidii, huduma zao hubaki zikifanya kazi nyuma. Fungua services.msc, orodha ya huduma za Windows, uzizime, au afadhali uziondoe kabisa kwa kiondoaji cha mtengenezaji mwenyewe kama anacho, maana njia ya kawaida mara nyingi huacha masalia. Washa upya, ubaki na moja tu.

Kwenye Windows 11 anza na Dynamic Lighting, kidhibiti taa cha Windows yenyewe, ndani ya Settings, Personalization. Ipo tangu 2023, ila hutambua vifaa vinavyoikubali tu. Ikishindikana, OpenRGB: programu ya bure, wala haikudai akaunti ili uwashe taa nyekundu.

Na hili hukuuliza: programu nyingi za aina hii zimebeba WinRing0, draiva (programu ndogo ya kuongea na vifaa) yenye udhaifu wa kiusalama unaojulikana, na 2025 Windows Defender ilianza kuikamata. Usiiruhusu ipite eti kwa ajili ya rangi. Tafuta toleo lisiloitumia.

*Nikishachagua rangi, naweza kufuta programu? (Likoni)*

Ikiwa kontrola, yaani kisanduku kinachoamrisha taa, ina kumbukumbu yake, ndiyo. Hifadhi rangi moja ndani ya kifaa, funga programu, chomoa kompyuta ukutani, uiwashe tena. Rangi ikipotea, umenunua utumwa. Swali hili huulizwa dukani, kabla ya kulipa.

*Taa zawaka lakini programu haioni kontrola. (Bamburi)*

Waya wa SATA huleta umeme, wa USB ndio unaoleta mazungumzo. Chomeka ule wa pini tisa kwenye USB 2.0 ya mazabodi. Ikiwa umo tayari, zima umeme utazame pini: hewa yetu ya chumvi huziotesha kutu ya kijani. Safisha kwa spiriti ya isopropili, ngoja ikauke.

*Splita moja (waya wa kugawa tundu moja), feni nane. Sawa? (Changamwe)*

Piga hesabu. Taa moja ikiwaka nyeupe kabisa hula hadi miliampea 60, na tundu la mazabodi kwa kawaida hubeba ampea 3: taa 50. Feni zenye taa 18 zikiwa tatu tu, umeshapita. Nunua habu, kisanduku cha matundu mengi, inayovuta umeme wa SATA.

*Mashine yangu ni ex-UK ya ofisini, haina tundu la taa. (Mtwapa)*

Una bahati. Chukua kontrola ya rimoti, ya SATA, isiyotaka programu yoyote. Ila fungua kesi kwanza uhesabu plagi za SATA zilizobaki. Mashine hizo huwa nazo chache.