Maua ya marejea yalinigharimu msimu mzima

Jumapili iliyopita, nikiwa nasubiri wali ukauke, ujumbe uliingia kutoka kwa dada mmoja wa Namtumbo: "Kaka shikamoo. Nimekodi ekari moja, nimeikuta imejaa majani ya maua ya njano. Wanasema maganda yake yakikauka yanalia chakachaka. Jirani ananiambia nipige dawa ya magugu. Nifanyeje?" Akaambatanisha picha. Niliitazama picha ile mpaka wali ukashika chini.

Nilimjibu kwa neno moja tu: USIPIGE. Mengine nikamwambia nitayaandika hapa, maana ni marefu na yananihusu kuliko alivyodhani.

Majani membamba, matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Shina limesimama wima, na juu yake maua ya njano iliyopauka yamepangana, petali ya nyuma ina mistari ya zambarau kama mtu kaichora kwa peni. Chini ya maua, maganda mabichi yaliyovimba kama yamepulizwa upepo. Hayo ni marejea. Wataalamu wanayaita Crotalaria ochroleuca, jamii ya kunde, ndugu wa maharage na karanga. Ukoo huo wa Crotalaria una aina karibu 700, nyingi zikiwa Afrika, na ukipita barabara yoyote yenye nyasi huku kwetu utazikuta bila kuzitafuta. Tulipokuwa wadogo tulikata matawi makavu tukayatikisa tukienda kisimani, kayamba la bure. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba jina Crotalaria limetoka kwenye neno la Kigiriki la njuga. Kumbe hatukuwa peke yetu. (Wajaluo wao wanayala, wanaita mitoo. Niliwahi kuonjeshwa Kisumu. Niliyopewa yalikuwa machungu, na mwenyeji wangu alifurahi sana kuniona nikikunja uso.)

Sisi wa Ruvuma tunayajua zaidi kama mbolea. Padre Gerold Rupper wa Peramiho aliyahubiri marejea karibu kama alivyohubiri Injili, na marehemu baba alikuwa mmoja wa waliopokea mbegu. Nakumbuka zilivyokuwa, ndogo, za njano, zinateleza mkononi kama zimepakwa mafuta. Nakumbuka pia kwamba mimi nilikuwa namcheka. Nilikuwa kijana wa shule, mbolea kwangu ilikuwa kitu cha kwenye mfuko.

Sasa twende 2021. Kazi ya mjini ilikuwa imekwisha, namna ilivyokwisha sitaisimulia, bado ina uchungu. Nikarudi Songea na mke na mtoto. Msimu ule bei ya mbolea ikapanda, mfuko wa DAP ukapita shilingi 100,000, na mimi mfukoni sikuwa hata na ya nusu mfuko. Ndipo nikamkumbuka baba na mbegu zake. Nikatenga nusu ekari nyuma ya nyumba, nikasema humu mwaka huu halilimwi hindi, ni marejea matupu, yalale yarudishe udongo. Mbegu nilinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyeniapia kuwa ni za mwaka ule. Nusu hazikuota. Nikarudia. Palizi na mengineyo nayaruka, hakuna asiyeyajua.

Machi yakachanua.

Ndugu zangu, kama hujawahi kuona nusu ekari ya marejea asubuhi, umande haujakauka, hujui ninachosema. Wanakuja wale nyuki wakubwa weusi wanaovuma kama pikipiki ya mbali. Nyuki akitua, uzito wake unabonyeza petali za chini, na kwenye ncha ya petali hizo unasukumwa nje uzi mwembamba wa chavua ya njano, taratibu, kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu. Unamgusa tumboni, anaruka nao kwenye ua jingine. Nilikaa nikiangalia hilo jambo mpaka chai ikapoa. Nilipiga picha, nikaziweka mtandaoni, watu wakazipenda, wengine wakataka kuja kupigia picha za harusi. Mimi niliyerudi kijijini kama mtu aliyeshindwa, ghafla nina kitu watu wanakitaka.

Bwana shamba alipita. Akang'oa mche mmoja, akanionyesha vinundu kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu hafifu, kama fizi za mtoto. "Hiki kinafanya kazi," akasema, "bakteria wamo, wanavuta naitrojeni ya hewani, chakula cha mimea. Sasa fyeka." Nikamwambia wiki ijayo. "Fyeka sasa, mwanzoni mwa maua." Wiki ijayo, mkuu.

Wiki ijayo haikufika. Nilikuwa na sababu kila siku, lakini tuseme ukweli: niliyapenda yale maua, na nilipenda zaidi kupendwa kwa ajili yake. Mama mkwe alikuja kutoka Mbinga mwezi wa tano. Yeye ni Mmatengo, amezaliwa kwenye ngoro, yale mashimo ya milimani ambayo nyasi hufyekwa, hupangwa kama miraba, kisha hufukiwa udongo. Alisimama ukingoni mwa shamba muda mrefu. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba Neema. Hizi kuni unamtunzia nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao nyasi zinafyekwa Machi, udongo una maji, juu yake wanapanda maharage, mahindi yanafuata mvua nyingine. "Ukisubiri ikomae unafukia mti," akasema, akaingia ndani.

Basi nikajiambia angalau nitavuna mbegu. Maganda nayo yakaanza kutoboka. Ukilipasua moja, ndani kuna kiwavi mwenye madoa, ametulia, amekula mbegu zote kabakiza vumbi. Anageuka nondo mdogo mweupe mwenye nukta nyekundu na nyeusi, mzuri ajabu, ambaye hata ndege hawamtaki kwa sababu amejijaza sumu ya mmea wenyewe. Kila kizuri mwaka ule kilikuwa kinanila.

Oktoba nilipoanza kulima, jembe lilikuwa linaruka. Mashina yalikuwa magumu kama fito. Nikayafukia hivyohivyo kwa hasira, Novemba nikapanda mahindi juu yake, bila mbolea hata chembe, nikijigamba kwa kila mtu kwamba mimi nimefukia mbolea yangu. Yalipofika magotini yakawa manjano. Si manjano ya maua, manjano ya ugonjwa. Bwana shamba akaniambia (na alinivumilia, Mungu ambariki) kwamba shina gumu likifukiwa, vijidudu vya udongo vinavyolioza vinahitaji naitrojeni, na vikikosa ndani ya shina vinaikopa kwenye udongo. Mahindi yangu yakakaa foleni nyuma yao. Nilivuna gunia tatu. Jirani mmoja akaanza kuniita "mkulima wa maua". Mpaka leo, nikipita kilabuni, lazima mtu aulize maua yanauzwaje. Najifanya sisikii.

Desemba 2023 nikapanda tena. Mke wangu hakuniambia kitu, alinitazama tu. Safari hii, siku ya saba tangu ua la kwanza, niliingia na panga alfajiri kabla ya nyuki, maana nilijua nikiwaona tu nimekwisha. Nilikata vipande vya urefu wa kiganja, nikafukia udongo ukiwa umelowa, nikapanda maharage juu kama alivyosema mama mkwe. Novemba 2024 nikapanda mahindi na nusu mfuko wa yurea tu. Nilipata gunia tisa. Nusu ekari! Nilimpelekea mama mkwe moja Mbinga kwa basi, nikalipia mzigo mwenyewe.

Kwa hiyo dada, na wengine mnaouliza kila siku: fyeka mapema. Kunja shina kwa mkono, likikatika na kutoa maji, ndiyo siku yake. Likipinda na kuchanika nyuzi, umechelewa. Fyeka mapema, udongo ukiwa na maji. Acha mstari mmoja ukingoni kwa ajili ya mbegu na nyuki, mmoja, si sita, na maganda uyakague. Mbuzi na nguruwe wasiingie humo, kwani baadhi ya aina za Crotalaria zina sumu inayoharibu ini, na porini zinafanana mno. Kama shambani kwako kuna kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mpunga, marejea yatakusaidia maradufu, kwa kuwa kiduha hustawi kwenye udongo uliochoka. Wakulima wa mpunga wa Kyela wameyatumia hivyo. Na fyeka mapema, nimeshasema.

Tuna ugonjwa, sisi tuliorudi mashambani na simu. Tunalima ili tuonekane. Tunapiga picha mche, hatupasui kinundu tukaona kama ndani kuna rangi. Udongo hauna habari na picha zako, ndugu yangu. Unaomba kulishwa kijani, wewe unausubirisha mpaka kikauke, halafu unalaumu mvua, mbegu, serikali, mchawi wa upande wa pili.

Kwenye picha yako, dada, maganda ya chini yameshaanza. Una wiki moja, labda mbili.

Nilimtumia hayo yote kwa sauti Jumatatu. Jana jioni akajibu: "Asante sana kaka, nimefyeka robo. Ile iliyobaki nimeiacha kwanza, maana kumependeza mno, wadogo zangu wanakuja Jumamosi kupiga picha."

Nimempigia simu mara nne, hapokei.