Pistoni ya breki ya nyuma: izungushe, usiikandamize tu

Mkuu, umeuliza kwa nini, ukibadilisha pedi za breki, pistoni ya kalipa ya nyuma (kalipa ni kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imegoma kurudi ndani wakati za mbele ulizisukuma kwa klampu bila shida. Tafadhali acha kuikaza, utaiua kalipa nzima! Magari mengi yenye diski nyuma yana handibreki ndani ya kalipa hiyohiyo. Pistoni imekaa kwenye skrubu, kwa hiyo inarudi kwa kuzungushwa huku ukiisukuma. Itazame usoni: ukiona vijishimo au mkato wa msalaba, ndiyo hiyo ya kuzungushwa. Nyingi hufuata mwelekeo wa saa, ila yapo magari ambayo upande mmoja huenda kinyume.

Shusha handibreki kwanza, tia kabari magurudumu ya mbele, na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Ukimaliza, ule mkato upokee kipini kilicho mgongoni mwa pedi, la sivyo pedi italiwa upande.

Kama handibreki yako ni ya kitufe, usizungushe kitu. Mota yake irudishwe kwanza kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Na kabla hujaliondoa gari, kanyaga pedali ya breki mpaka iwe ngumu.