Keki ya mchele kwa soda: mbona yangu inabonyea?

*Shikamoo Bibi. Binti yangu wa miaka 6 amegundulika ana ugonjwa wa siliaki, daktari amekataza ngano kabisa. Jirani kanielekeza keki ya unga wa mchele, unatia soda ya machungwa badala ya maziwa. Nimepika mara mbili: inaumuka, kisha inabonyea katikati, na ukiitafuna ni kama ina mchanga. Nakosea wapi?*
*Mama wa Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Yaliyokupata yalinipata na mimi. Nilikoroga kila kitu pamoja na soda, nikaacha bakuli mezani nikingoja mkaa ukolee. Nilipolirudia, yale mapovu yaliyokuwa yakipasuka juu yametulia tuli. Keki ikatoka kama sahani.

Soda inainua keki kwa gesi, na gesi haimngoji mtu. Kwenye ngano kuna gluteni, ule mnato unaovutika ukikanda maandazi; ndio unaoshika mapovu yasitoroke. Mchele hauna. Tena unga wa mchele unataka kuloweka, la sivyo ndio huo mchanga unaousikia. Unga unataka kungoja, soda haitaki. Basi vitenganishe.

Chukua unga wa mchele vikombe 2 na wa muhogo nusu kikombe, chekecha. Piga mayai 3 na sukari robo tatu ya kikombe (usizidishe, soda ina sukari yake) mpaka yawe meupe na mazito, maana mayai ndiyo yatakayoshika kazi ya gluteni. Tia mafuta nusu kikombe, maziwa nusu kikombe, iliki, kisha unga. Funika dakika 30. Wakati huo washa jiko, paka sufuria mafuta.

Moto ukiwa tayari kabisa, ndipo unyunyize beking pauda vijiko 2 vya chai, ufungue soda ya baridi, umimine robo tatu ya kikombe. Geuza kwa mwiko mara chache tu, mimina, palia makaa juu. Usifunue kabla ya dakika 30. Na beking pauda usiiache ukidhani soda inatosha. Gesi nyingi ya soda hupotea pale pale unapokoroga.

La mwisho nakusihi sana, kwa ajili ya mtoto. Mchele usiusagishe kwenye mashine inayosaga ngano. Nunua chekecheo jipya, liwe lake peke yake. Soma pakiti ya beking pauda, nyingine zina wanga wa ngano. Na vile vinywaji vyeusi vya kimea usivitie kabisa, hata kama duka linaviweka rafu moja na soda: vinatengenezwa kwa shayiri, na shayiri nayo ina gluteni, ile ile inayomdhuru mwenye siliaki.

Ikiiva, iache ndani ya sufuria dakika 10 kabla ya kuipindua, ikiwa ya moto inamomonyoka. Mpe siku hiyo hiyo, kesho yake huwa kavu.