Jibu: Shokapu za mbele za Morris Minor zinavuja tena baada ya kubadili sili

Mkuu, umeuliza kwa nini shokapu za mbele za Morris Minor yako, lile gari dogo la zamani la Kiingereza, zimerudi kuvuja muda mfupi baada ya kuwekewa sili mpya (mpira unaozuia oili kutoka), na kama oili nzito zaidi itasaidia. Oili nzito haisaidii, na sili haina kosa. Kilichokwisha ni tundu ambamo shafti inazunguka.

Ndani ya bodi ya shokapu hizi za Armstrong, ambazo ni za mkono na si za bomba, kuna silinda mbili na pistoni mbili. Mkono wa nje unazungusha shafti, shafti inasukuma pistoni, na oili inalazimika kupita kwenye vali. Shafti ni ya chuma na inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya bodi, bila bushi (pete ya kuzungukia shafti). Kadiri miaka inavyokwenda tundu linaliwa upande mmoja na kuwa na umbo la yai. Sili inaziba shafti inayozunguka, si shafti inayoyumba, kwa hiyo mdomo wake unaachia upande mmoja na kusagwa upande wa pili.

Kwenye Minor hili ni zito kuliko uvujaji wenyewe, maana mkono wa shokapu ya mbele ndio mkono wa juu wa sasipensheni, na kingpini, yaani nguzo ambayo gurudumu linageukia, imeshikwa hapo. Shafti ikicheza, tairi nalo linacheza. Nyanyua gari, shika tairi juu na chini ulitikise, huku mwenzako akitazama pale mkono unapoingia kwenye bodi. Wanaokuambia ufunge seti ya kubadilishia ya shokapu za bomba hawakuambii kwamba kwa kawaida bodi ya zamani inabaki palepale ikishika kingpini, na ubovu unabaki nayo.

Kabla ya kufungua chochote, weka jeki chini ya mkono wa chini ibebe uzito, na stendi chini ya chasisi. Ukishaachanisha juu, funga habu kwa waya isining'inie kwenye mpira wa breki. Bodi ikishatoka, ioshe nje kabisa kabla ya kugusa skrubu hata moja. Mchanga ukiingia ndani utakwama kwenye vali.

Mwaga oili, fungua kifuniko cha juu, kisha piga alama kwa panchi (chuma chenye ncha) kwenye mkono na kwenye ncha ya shafti. Mkono umeshindiliwa kwenye meno, na ukirudi umepishana jino moja shokapu itagonga mwisho wake kabla ya sasipensheni kufika. Utoe kwa presi. Ukitumia nyundo utapasua bodi.

Kazi yenyewe ni ya mkerezaji, na hapa usibanie pesa. Matundu yote mawili yachongwe kwa mfungo mmoja wa mashine, bodi isigeuzwe katikati ya kazi, la sivyo hayatanyooka na shafti itabana. Yaingizwe bushi za bronzi, na nje ya kila bushi ichongwe nafasi ya sili ya mdomo. Aluminiamu hutanuka kuliko bronzi inapopata moto, kwa hiyo bushi iingie kwa kubana, mimi napendelea kama mm 0.05, bodi ikiwa imepashwa moto. Bushi ikishaingia tundu lake hupungua kidogo, kwa hiyo lisafishwe kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) baada ya kushindilia, liachie shafti mm 0.03 hivi. Shafti yenye mashimo ya kutu au mfereji wa sili ya zamani ikwanguliwe na kupakwa kromu ngumu, au itafutwe nyingine. Silinda na pistoni huwa nzima, kwa sababu zinaishi ndani ya oili.

Vali iko chini ya nati kubwa. Piga picha mpangilio wa springi na washa, osha kwa mafuta ya taa, rudisha vilevile. Usiongeze washa ili kukaza. Angalia pia vali ndogo kwenye pistoni: punje moja ikiziacha wazi, mkono utakuwa mwepesi kuelekea upande mmoja. Ila kumbuka mkono kuwa mgumu zaidi gurudumu linaposhuka ni kawaida yake.

Oili ni SAE 20 ya madini. Oili ya foku ya pikipiki ni nzuri, au ya haidroliki ISO 68, ambayo haikosekani kwenye maduka ya vipuri vya matrekta. Oili ya breki usiiguse. Oili nzito inafanya gari ligonge kwenye mashimo na kulegeza boliti za shokapu.

Bana bodi kwenye vaisi kwa masikio yake ya boliti, si kwa silinda, ikiwa wima. Jaza, chezesha mkono polepole mwanzo hadi mwisho, ongeza, rudia mpaka mapovu yaishe na pasiwepo sehemu inayopita bure. Oili iishie chini kidogo ya nyuzi za plagi, kwani inahitaji nafasi ya hewa kutanuka. Kuanzia hapo usiilaze wala kuipindua, hewa itaingia kwenye silinda na utaanza upya.

Wakati wa kufunga, raba za juu, pale mkono unaposhika kingpini, zikazwe gari likiwa chini na uzito wake wote. Oili ikague tena baada ya kilomita mia chache. Na kama kuna mgongo-gongo unaosikia nyuma, angalia kwanza raba za linki (kiungo cha mkono wa shokapu) kabla hujang'oa shokapu zake.